Mwingereza na Mjerumani wa Barabara ya Namanga

Siku mliyoniaga mlinichinjia mbuzi, mkanipa kiti chenye mto na kipaza sauti, nami nikasema maneno machache nikaketi kula. Mimi si mtu wa kipaza sauti. Lakini njiani nikirudi nyumbani niliwaza kwamba nimeshika spana tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na ninyi vijana mnaobaki pale gerejini Kitengela hamjui hata nusu ya mambo yaliyopita chini ya lile bati. Kwa hivyo nimekaa hapa nyumbani kwangu Kajiado, na miwani na kikombe cha uji, naandika. Mshahara sitauzungumzia. Vyeo navyo sitavigusa, maana kwenye gereji kama yetu cheo kikubwa ni kuwa na spana ambazo hakuna anayethubutu kukuazima. Nitawaambia habari za magari mawili, na watu waliokuwa nayo.

Nilifika Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu, Baba Barasa, alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River, nami nilikuwa nimetoka Bungoma na cheti changu cha ufundi wa magari. Kitengela ya wakati huo haikuwa huu mji mnaoujua. Ilikuwa maduka pande mbili za lami, mabucha, vumbi, na pundamilia wakilisha nyuma ya nyumba za kupanga. Gereji ya maana ilikuwa moja tu, ya Bwana Surjit, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe zilizoungua ncha kwa moto wa kuchomelea. Alikishika cheti changu kwa vidole viwili asikipake grisi, akanirudishia bila kukisoma, akanipeleka kwenye pikapu iliyokuwa ikinguruma.

"Sikia," akasema. "Hii nasema nini?"

Nikasikiliza. Nikamwambia valvu moja imelegea, labda ya silinda ya nyuma.

"Labda?"

"Ni ya nyuma."

"Basi kesho kuja asubuhi."

Siku ya kwanza niliosha bolti kwa mafuta taa na kuzipanga kwa ukubwa, kazi ambayo nanyi mmewahi kunilalamikia mkidhani niliibuni mimi. Mchana akaja mteja, akanitazama nikiwa chini ya gari lake, akamwambia Bwana Surjit amtafutie fundi mwanaume. Bwana Surjit hakuinuka kwenye kiti. "Mwanaume ni mimi," akasema, "lakini mimi nakunywa chai. Fundi ni huyu." Mteja akangoja. Gari likapona. Baadaye aliniletea la shemeji yake.

Mwaka wa pili au wa tatu hivi, gari la kwanza kati ya yale mawili likaja likivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa Daktari Oduor, daktari wa mifugo wa serikali aliyefanya kazi Kajiado miaka mingi, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya majani na buti za mpira alizozivaa hata siku za jua kali. Alikuwa akimtibia ng'ombe Mwingereza mmoja mwenye shamba kubwa upande wa Isinya. Mwingereza huyo alipozeeka na kuamua kurudi kwao, alimwambia Daktari achukue kilichoko kwenye banda la ndama, kama kitamfaa. Kilichokuwa kwenye banda la ndama ni gari la spoti, la viti viwili, pua ndefu kuliko sehemu nyingine zote zikijumlishwa, na kuku wamelalia mayai kwenye kiti cha dereva.

Jina lake la kiwandani silitaji, kwa kuwa sisi wenyewe hatukulitumia. Tulimwita Mwingereza. Tulifanya kazi juu yake zaidi ya mwaka, kati ya malori na pikapu, na humo ndimo nilimojifunza ufundi. Bonet yake haikufunguka kama nyingine. Pua yote iliinuka kuelekea mbele, madigadi na taa pamoja, ukabaki unaitazama injini kama mtu aliyevuliwa shati. Silinda sita mstari mmoja, kabureta tatu. Spana zetu za milimita hazikumwingia. Yeye alikuwa wa inchi, na Bwana Surjit alitoa kwenye sanduku la mbao spana za baba yake, akazifuta, akanikabidhi bila hotuba.

Kabureta tatu lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini inayumba kama kwaya yenye mwimbaji mmoja asiyejua wimbo. Bwana Surjit alikata kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaweka sikioni mwangu, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. "Hii napiga filimbi namna gani? Sasa hii. Sasa hii. Fanya zote moja." Ilinichukua muda mrefu sana kusikia tofauti. Siku nilipoisikia nilipiga kelele, na Bwana Surjit akaniambia nisishangilie, nirudie.

Siku Mwingereza alipowaka vizuri, Daktari alimzungusha mara moja hadi Kisaju na kurudi. Aliposhuka alikuwa amepoteza kofia. Hakurudi kuitafuta.

Mjerumani, gari la pili, alikuja muda si mrefu baadaye, naye alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Aliyemleta ni Mzee Lemayian, mfugaji wa Kisaju, rafiki wa Daktari tangu siku Daktari alipookoa ng'ombe wake wakati wa ugonjwa wa mapafu. Mzee Lemayian alivaa koti la suti juu ya shuka, na alikuwa na desturi ya kumsalimu kila mtu kabla ya kusema shida yake, pamoja na mlinzi na mama wa chai.

"Takwenya, Mama Fundi."

"Iko, Mzee."

"Nimebadilishana na mhandisi mmoja wa visima, Mjerumani, anaenda kwao. Mimi nimempa mitamba akauza. Yeye amenipa hii. Sasa angalia kama nimeibiwa."

Gari lilikuwa dogo, la mviringo, limekaa chini kama kobe. Nikafungua mbele kutafuta injini, nikakuta gurudumu la akiba na koti la mvua. Injini ilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu ya nyuma. Mzee akaniuliza maji yanawekwa wapi. Nikamwambia hili halitumii maji. Linapozwa na hewa, kuna feni kubwa na mkanda wake, basi.

"Halinywi maji?"

"Hata tone."

Alilizunguka mara mbili, polepole, kama anavyozunguka ng'ombe mnadani. "Hapa Kajiado," akasema, "kitu kama hii sijaibiwa."

Toka siku hiyo ukawa ubishi. Kila Jumamosi wazee wale wawili walikaa kwenye benchi letu, magari yao yamesimama mbele yao, wakalinganisha. Daktari alisema Mwingereza ana sura ambayo hata mtoto asiyejua magari atageuka kuitazama. Mzee alijibu kwamba ng'ombe mzuri kuliko wote aliowahi kumwona alikuwa tasa. Daktari alisema Mjerumani ananguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Mzee alisema mashine ya kusaga haijawahi kumwacha mtu Bissil.

Hilo lilimuuma Daktari, kwa sababu Mwingereza alikuwa amemwacha Bissil, njiani kwenda Namanga, zaidi ya mara moja. Nitawaambia kama fundi, bila upendeleo. Mwingereza alikuwa na nguvu laini, inayokuja toka chini bila haraka, na barabara iliyonyooka alikuwa ameumbwa kwa ajili yake. Lakini jua la mchana na redieta yake havikupatana. Nyaya zake za umeme zilikuwa na tabia ya kukata bila sababu na kurudi bila sababu, na dawa yake, kabla ya kufungua chochote, ni kusafisha pale waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, unapogusana na bodi. Oil ilivuja daima. Bwana Surjit alisema akiacha kuvuja ndipo uwe na wasiwasi, maana imekwisha.

Mjerumani hakuvuja na hakuchemka, na bolti zake zilikaa mahali pake kana kwamba zimeapishwa. Oil yake unapima injini ikiwa ya moto na inawaka, gari limesimama mahali tambarare. Mkipima ikiwa baridi mtaongeza isiyotakiwa, na mtaiona ikitoka kwenye egzosi kama moshi wa jiko. Hasira yake ilikuwa kwenye kona. Uzito wote uko nyuma. Ukiingia kona kwa mwendo, kisha ukaogopa na kuondoa mguu kwenye mafuta, mkia unataka kupita mbele. Mzee Lemayian alijifunza hilo siku ya manyunyu, karibu na Kisaju. Tulimkuta katikati ya shamba la mtu, gari zima, halina hata alama, linatazama lilikotoka.

"Ilitaka kurudi nyumbani," akasema. "Mimi sikukataa."

Ukiniuliza kwa kazi ya fundi, Mjerumani alinipa usingizi na Mwingereza alinipa mafunzo. Bwana Surjit naye aliulizwa mara moja na wazee wale aamue. Alitafuna kipande cha mkate, akasema, "Hii napenda wewe. Hii naheshimu wewe. Iko tofauti." Hakusema ipi ni ipi, na kila mzee aliondoka akijua ni lake lililosifiwa.

Bwana Surjit aliumwa kifua mwishoni mwa miaka ya tisini, bintiye akamchukua akaishi naye Nairobi. Mimi nikabaki na gereji, zile spana za inchi na lile benchi. Alikuja kututembelea hadi aliposhindwa kupanda gari. Nilimuaga kwa namna ya kwao, ya kuchoma maiti, nimejifunga kitambaa kichwani, nikilia moshi uliponijia na ulipokuwa haunijii.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu. Ninyi husema kesi ngumu ni giaboksi. Giaboksi inafunguka.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeanza, wazee wote wawili wamepita sabini, na Daktari alikuwa amestaafu. Mwingereza alianza kuja na mikwaruzo. Kwanza ilikuwa rangi nyeupe kwenye madigadi ya mbele, kama ya ukuta wa chokaa. Daktari akasema ni watoto wa jirani. Halafu spoki za rimu zikapinda. Halafu kioo cha kando. Daktari alikuwa na maelezo kila mara, ya haraka, yaliyonyooka. Lakini klachi ilikuwa nzima, breki zilikuwa zimelika sawasawa, giaboksi haikuwa na kelele. Mguu wake ulikuwa bado mguu wa dereva mzuri. Na kila mkwaruzo ulikuwa upande wa kushoto.

Siku moja ya Alhamisi aliingia getini kuleta gari kwa sevisi. Kushoto kwa geti palikuwa na pipa la oil chafu, limekaa hapo tangu enzi za Bwana Surjit, limepakwa rangi nyekundu. Daktari aliligonga bila kukanyaga breki. Akashuka, akatazama oil ikimwagika.

"Nani ameweka pipa hapa?" akauliza.

Nilimkaribia kutoka kushoto kwake nikiwa nimenyoosha mkono kumsalimu. Mkono ulibaki hewani. Alikuwa bado anatafuta nani ameweka pipa, na mimi nimesimama karibu kiasi cha kunusa sabuni yake.

"Daktari," nikasema.

Akashtuka, akageuza kichwa chote. "Ah, Mama Fundi. Sikukuona."

"Nimeona hivyo."

Wakati huo wazee walikuwa wamepanga jambo kubwa. Ule ubishi wa miaka yote wangeumaliza Jumamosi hiyo kwa safari, Kitengela hadi Namanga mpakani na kurudi, magari yote mawili, mchana kweupe. Si mashindano ya mbio, walisema, ni ya kufika. Gari lilikuwa limeletwa niliandae kwa hiyo safari. Nilimpeleka Daktari kwenye benchi, nikakaa naye. Niliwaza maneno mazuri, nikakosa, nikasema yaliyokuwepo.

"Daktari, jicho la kushoto halioni. Sitaki uende Namanga ukiendesha."

Akasema kwa ile sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Mama Barasa, wewe unatibu magari. Tafadhali tibu gari. Jumamosi asubuhi nitakuja kulichukua." Miaka yote alikuwa akiniita Mama Fundi. Akatoka kwa miguu hadi barabarani, ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto.

Kesho yake Mzee Lemayian alipita kuangalia mkanda wa feni. Nikamwambia.

"Mimi najua," akasema. "Nyumbani kwangu aligonga ndama. Akaniambia ilikimbia ikaingia mbele ya gari. Mama, ile ndama ilikuwa imelala."

"Na hukumwambia?"

"Huyu mtu alilala kwa boma yangu wiki nzima akichoma ng'ombe sindano. Nitamwambiaje asiendeshe?"

"Na akigonga mtoto pale Isinya, sokoni?"

Aliniaga bila kumaliza chai yake, jambo ambalo kwake si dogo.

Jumamosi asubuhi niliamka nikiwa nimeshaamua. Nilimfungua Mwingereza, nikatoa kifuniko cha distributa, nikachomoa rota, kile kidude cheusi kinachozunguka na kugawa moto kwa plagi. Bila hicho injini itazunguka mpaka betri ife, haitawaka. Nikakiweka kwenye mfuko wa ovaroli, nikafunga bonet, nikangoja. Sikutaka ujanja. Nilitaka alijue.

Daktari aliletwa na mkewe kwa pikapu ya nyumbani. Mkewe ni Mwalimu Dorcas, aliyefundisha shule ya msingi hapa Kajiado mpaka akastaafu, mama mfupi anayetembea kama kengele imeshagonga. Alikuwa amebeba chakula cha safari cha mume wake. Mzee Lemayian alikuwa ameshafika na Mjerumani, amevaa koti lake jipya.

Daktari aliingia, akageuza ufunguo. Injini ikazunguka. Akajaribu tena.

"Haliwezi kuwaka, Daktari," nikasema. "Rota nimeitoa. Ninayo mimi."

"Irudishe."

"Nitairudisha kwa mtu anayeona pande zote mbili."

Alishuka. Sijawahi kumwona mtu mpole akiwa na hasira hivyo. Aliniambia gari ni lake. Nikamwambia ndiyo, ni lake. Aliniambia ataita fundi mwingine kutoka Nairobi. Nikamwambia fundi huyo akija nitamwonyesha spoki za kushoto. Mwalimu Dorcas alisimama na kikapu chake, anatutazama mmoja mmoja.

"Oduor," Mzee Lemayian akaita. Alikuwa amevua kofia. "Ile ndama yangu. Haikukimbia. Ilikuwa imelala, na wewe ulipita juu yake kama nyasi."

Lori lilipita barabarani, likapita lingine. Daktari akarudi nyuma hatua kadhaa akitafuta benchi kwa mkono, akakaa. Kisha akasema, bila kumtazama mtu yeyote, kwamba alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho mjini kabla ya Krismasi. Ni presha ya macho. La kushoto limekwisha na haliwezi kurudi. La kulia linazidi kuwa jembamba, kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo.

"Kabla ya Krismasi?" Mwalimu Dorcas akauliza. "Na mimi nalala wapi?"

"Nilitaka kwenda Namanga mara moja, Dorcas. Mara moja tu, halafu ningesema."

"Na ungenizika mimi nikiwa abiria, au ungemzika mtoto wa watu?" Aliweka kikapu chini. Nilidhani atalia. Badala yake alinyoosha mkono kwangu. "Nipe hiyo kitu, Mama Barasa. Namanga tunaenda."

Lazima mwelewe kwamba katika miaka yote hiyo Daktari hakuwahi kumwachia mkewe lile gari, hata kulisogeza kivulini. Alisema kabureta zitamkataa. Mwalimu aliendesha pikapu kwenda kanisani na sokoni, mizigo ya viazi, kwaya nzima nyuma, na hakuna aliyewahi kusema chochote kuhusu kabureta. Nilirudisha rota. Mwalimu akavua viatu, akaviweka nyuma ya kiti, akaketi kwenye usukani. Daktari alibaki kwenye benchi mpaka tukadhani hatainuka. Mzee Lemayian akamshika mkono kama wanaume wa huku wanavyoshikana, vidole ndani ya vidole, akampeleka upande wa abiria.

Kwa kuwa Mwingereza ana viti viwili, mimi nilipanda na Mzee, sanduku la spana miguuni. Tukawafuata. Hadi Isinya Mwalimu alienda kama anayeendesha mayai. Kupita Isinya nikaona bega lake limelegea. Kupita Kajiado barabara ikanyooka, nyasi kavu pande zote, na Mwingereza akatuacha. Hakutuacha kwa pupa. Alirefuka tu, akawa mdogo mbele yetu.

"Huyo ni mwalimu kweli?" Mzee akauliza, akakanyaga mafuta.

Ng'ambo ya Bissil nikasikia mlio kama kofi, na taa nyekundu ikawaka. Nikamwambia Mzee azime mara moja. Ulikuwa mkanda wa feni. Gari lisilokunywa maji, mkanda ukikatika, lina dakika chache tu kabla ya kujipika. Nilikuwa na mkanda wa akiba, kwa kuwa nilikuwa nimeuona wa zamani umechoka siku iliyotangulia, na Mzee aliondoka akaacha chai yake kabla sijaubadilisha. Tukaubadilisha pale kando ya barabara, mbuzi wakitutazama.

"Usimwambie Oduor," Mzee akasema.

"Ataona tumechelewa."

"Mwambie tulisalimia watu."

Namanga tuliwakuta kwenye hoteli chini ya mlima, bonet ya Mwingereza imeinuliwa, redieta inatoa mvuke lakini imefika. Daktari alikuwa na sahani ya nyama mbele yake na uso wa mtu aliyeoga. "Mlikuwa wapi?" akauliza. Mzee akasema tulisalimia watu. Daktari akanusa. "Unanuka mpira ulioungua." Mwalimu Dorcas alikuwa akifuta mikono, amejaa vumbi hadi kope. Alituambia Daktari amekuwa akimwambia abadilishe gia kabla yeye hajafikiria, na kwamba sasa anaelewa kwa nini mwanaume mwenye akili alikuwa akipoteza Jumamosi zake zote.

Tuliporudi, jua lilikuwa bado juu kidogo. Kabla ya Kisaju Mzee Lemayian aliwasha taa, akampita Mwingereza, akawaonyesha wamfuate. Tukaacha lami, tukafungua geti la miti, tukaingia kwenye ardhi yake. Kuna sehemu hapo ambapo maji hutuama wakati wa mvua, na kiangazi hukauka ikawa ngumu kama sakafu, haina mti, haina kichuguu, pana hadi macho yachoke. Ng'ombe wote walikuwa wamehamishwa asubuhi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu tulipoongea siku iliyotangulia, Mzee naye hakuwa amekaa bure.

"Oduor," akasema. "Hapa hakuna mtu. Nimetembea mwenyewe yote. Endesha."

Mwalimu Dorcas alimtazama Mzee, akautazama ule uwanda, akashuka, akazunguka, akakaa kushoto. Daktari aliingia kwenye usukani akipapasa. Alikaa pale kwanza bila kuwasha. Kisha tukasikia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vumbi likainuka likawaficha. Sisi wawili tulisimama kando ya Mjerumani tukisikiliza tu, na kwa masikio yangu kabureta zote tatu zilikuwa sawa. Alienda mpaka mlio ukawa mwembamba kabisa, akageuka, akarudi, akaenda tena. Mzee alikuwa akisema kitu kwa Kimaasai, taratibu, si kwangu.

Mwishowe Daktari alisimama mbele yetu, akazima. Akashuka na ufunguo mkononi, akaizunguka ile pua ndefu kwa kuigusa, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mkewe. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba gia ya tatu inahitaji kubembelezwa, na Mwalimu akasema ameshalijua hilo tangu Bissil.

Kwangu hakusema neno siku hiyo, hata kwaheri. Niliyakubali hayo. Jumamosi iliyofuata nilikuwa chini ya lori niliposikia Mwingereza akiingia getini, akinyooka vizuri. Mwalimu alienda dukani. Daktari alikuja kwa fimbo mpya, akakaa kwenye benchi, akangoja nitoke.

"Mama Fundi."

"Daktari."

"Ulinisumbua sana wewe."

"Pole."

"Sitaki pole. Nataka kuuliza kitu. Ile rota, siku ile, uliiweka wapi? Maana nilikuwa na mpango wa kukunyang'anya."

"Kwenye mfuko wa ovaroli, Daktari. Upande wako wa kushoto."

Alifikiri kidogo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikaanguka, na Mzee Lemayian, aliyekuwa anaingia getini, akasimama kuuliza kuna nini.